Jicho la Wavu: Sheria na Ujima wa Wavuvi katika Mwalo wa Mwigobero

Mtu ashukaye kutoka katikati ya mji wa Musoma kuelekea ziwani hufika Mwigobero. Hapo mitumbwi hupandishwa mchangani, samaki huuzwa, na wasafiri hupanda vyombo vya kuvuka Ghuba ya Mara kwenda Kinesi. Watu wa hapo hupaita mwalo. Mvuvi wa Pwani angepaita diko, na neno mwalo pengine lisingempitia masikioni kamwe. Neno hili ni la lugha za ziwa. Waganda nao husema omwalo. Limeingia katika Kiswahili cha bara kwa njia ya kazi yenyewe, si kwa njia ya vitabu. Hali kadhalika wavu mkubwa wa kuvutia ufukoni, ambao Pwani hujulikana zaidi kwa jina la juya, huku huitwa kokoro. Na dagaa wa Mwigobero si jamaa ya dagaa wa Kigoma wala ya dagaa wa Unguja, ingawa wote watatu wameitwa jina moja kwa kuwa ni wadogo na huanikwa juani.

Nimeanza na maneno kwa sababu maneno ndiyo yaliyonielekeza katika swali la makala haya. Tangu miaka ya 1930 Ziwa Victoria limewekewa sheria nyingi za uvuvi, na nyingi katika hizo zimevunjwa mchana kweupe. Lakini wavuvi wa ziwa hili si watu wasio na sheria. Wanazo desturi zao, ambazo hazikuandikwa popote, na desturi hizo wamezishika kwa uaminifu ambao serikali yoyote ingeutamani. Basi kwa nini sheria ya kuandikwa haikuota mizizi mahali ambapo sheria isiyoandikwa ilistawi? Nitajaribu kuonyesha ya kuwa hizi mbili hazikuwa zikilinda kitu kimoja. Sheria ya serikali ilimtazama samaki ikamsahau mvuvi. Na desturi ya mwalo ilimtazama mvuvi ikamsahau samaki.

Tuanze na hali ya zamani. Kabla ya nyavu za kigeni, wenyeji wa mwambao huu, yaani Wakwaya, Wajita, Waruri na Waluo wa upande wa kaskazini, walivua kwa ndoana, kwa mikuki, kwa migono iliyosukwa, na kwa nyuzio zilizojengwa mitoni. Uzio ulikuwa mtego wa maana sana kwa sababu ya samaki aitwaye ningu. Ningu hukaa ziwani, lakini mvua kubwa ziletapo mafuriko hupanda mito kwenda kutaga. Msomaji aliyepata kusoma habari za samaki wa Ulaya atatambua tabia hiyo, maana salmoni na baadhi ya trauti hufanya vivyo hivyo. Kujenga uzio kulihitaji mikono ya watu wengi, na kwa hiyo uzio ulikuwa na wenyewe: watu walijua nani ameujenga, nani ana haki ya kutoa samaki, na nani yafaa apewe fungu. Hatuna haja ya kusema kwamba wazee hao walikuwa watakatifu waliowahurumia samaki. Vyombo vyao havikuwa na nguvu ya kumaliza ningu, na hilo lilitosha.

Mwaka 1905 ni mwaka wa kukumbukwa katika historia ya maji ya Afrika Mashariki, maana mambo mawili yalitokea, na hayakuonekana kuwa na uhusiano wowote. La kwanza, katika Ghuba ya Kavirondo, upande wa Kenya, mtu mmoja wa Norwei alileta nyavu za kunasa za kitani. Wavu wa namna hii hutegwa jioni ukasimama majini kama ukuta, na samaki apitaye huingiza kichwa katika jicho, akanaswa kwenye matamvua asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. La pili, Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, katika milima ya Aberdare.

Tuone yaliyofuata katika kila upande. Huko milimani trauti walizaana, na mito yao ikawekewa ulinzi. Mtu alipaswa kuwa na leseni. Alivua kwa fimbo na ndoana iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu. Idadi ya samaki wa kuchukua ilihesabiwa. Na aliye mdogo alirudishwa majini. Wavuvi hao walikuwa walowezi na maofisa. Walikutana katika vilabu vyao, wakasimuliana habari za samaki waliowaponyoka, na aliyevunja kanuni aliona haya mbele ya wenzake. Kwao sheria na desturi zilikuwa kitu kimoja, kwa sababu waliozitunga ndio walioshika fimbo, na hakuna hata mmoja aliyemtegemea samaki yule kwa chakula cha watoto. Wahenga wamesema, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mwafrika aliyeishi kando ya mto huo, akitega kwa njia ya baba zake, aliitwa mwizi wa samaki.

Ziwani mambo yalikwenda vingine. Nyavu za kunasa zilienea upesi kutoka ghuba hadi ghuba. Samaki aliyetafutwa zaidi alikuwa ngege, wa jamaa ya sato, mtamu na mwepesi kuuzika. Hapo mwanzo wavu mmoja uliweza kutoa ngege 50 hadi 100 kwa usiku mmoja. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, katika Ghuba ya Kavirondo wavu kama huo ulitoa samaki wasiofika 10. Serikali za Kiingereza zikashtuka, zikamtuma mtaalamu, Michael Graham, ambaye alilichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1929.

Graham alishauri mambo mawili yaliyo makubwa kwetu. Kwanza, wavu wenye jicho la chini ya inchi 5 usiruhusiwe. Jicho hupimwa likiwa limevutwa, kutoka fundo hadi fundo linaloelekeana nalo. Na jicho la inchi 5 humwacha ngege mchanga apite, likamnasa yule aliyekwisha kukomaa na kuzaa. Pili, alionya ya kuwa kuleta ziwani samaki mkubwa alaye wenzake, kabla ya uchunguzi mrefu, ni hatari kubwa. Shauri la kwanza lilifanywa sheria katika miaka ya 1930. La pili tutalirudia.

Sheria ya inchi 5 ilikuwa na hoja ya haki. Lakini tumfikirie mvuvi wa mwambao wa Musoma ambaye hakuulizwa neno. Ngege wakubwa walipozidi kupungua, wavu wa halali ulirudi mtupu. Jirani aliyeficha wavu wa inchi 4 alirudi na samaki. Hivyo mwaminifu aliadhibiwa na ziwa kila siku, na mdanganyifu aliadhibiwa na serikali siku moja moja tu, endapo alikamatwa. Mwaka 1947 serikali tatu ziliunda Idara ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, yenye maofisa na vyombo vya kukagua nyavu, na mwaka huohuo kituo cha uchunguzi wa samaki kikaanzishwa Jinja. Lakini mwambao wa ziwa ni mrefu, wenye ghuba, visiwa na matete yasiyo na hesabu. Katika miaka ya 1950 zikaja nyavu za nailoni, zisizooza na zenye kunasa kuliko kitani. Mwishowe serikali zenyewe zilichoka: Uganda na Tanganyika ziliiondoa sheria ya inchi 5 kabla ya miaka ya 1950 kwisha, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mavuno yaliongezeka kwa muda mfupi, kwa kuwa samaki wachanga walivuliwa. Kisha ngege akaadimika. Ningu naye alikuwa amekwisha kuanguka, kwa maana nyavu zilitegwa midomoni mwa mito wakati uleule alipokuwa akipanda kutaga.

Sasa tuitazame sheria ya pili, ile ya wavuvi wenyewe. Wanaoujua mwalo hawatahitaji kuelezwa. Kwa wengine nitataja yale yaliyo makuu. Mtumbwi uonapo mwingine umezama au umeharibika, huacha kazi na kwenda kuokoa, hata kama nyavu zake zitapotea. Mtu akizama, watu wa mwalo huacha kuvua wakamtafuta hata apatikane, na wale ambao jana walikuwa wakigombana kwa bei huvuta kamba moja. Wavu wenye boya la mtu hauguswi na mwingine, na anayetega baadaye haupitishi wake juu ya ule uliotangulia. Mgeni aliyetoka mwalo wa mbali hupewa mahali pa kulala na samaki wa kitoweo. Mgonjwa na mjane wa mvuvi hukumbukwa mtumbwi urudipo. Wavuvi wa dagaa, ambao huvuta samaki kwa mwanga wa taa katika siku za giza na kupumzika mwezi uwapo mkubwa, huzitumia siku hizo za mbalamwezi kushona nyavu pamoja, na hapo ndipo vijana hufundishwa kazi, mizaha na adabu zake.

Desturi hizi zina sababu iliyo wazi. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na dhoruba zake huja kwa ghafla. Mvuvi ambaye leo hakumwokoa mwenzake, kesho hatakuwa na wa kumwokoa. Kwa hiyo adhabu ya mwenye kuvunja desturi haikuhitaji polisi: alitengwa, na kutengwa katika maji makuu ni karibu na kufa. Twaona basi kwamba ujima wa wavuvi haukuwa wema mtupu wa moyo. Ulikuwa bima ya watu wasio na bima nyingine.

Lakini yapasa tuseme kweli yote. Ujima huohuo ulikuwa pazia. Mtumbwi wa ukaguzi ulipoonekana kwa mbali, habari ilitangulia, na kokoro likatoweka matetini. Kokoro huburuta chini ya maji ya kina kifupi, mahali ambapo sato hujenga viota na vifaranga hukaa. Lakini huajiri watu wengi, wazee na vijana wasio na mtumbwi, na kila mvutaji huondoka na kitoweo. Kumtaja mwenye kokoro kwa ofisa kulikuwa ni kuwanyima majirani chakula cha jioni. Hivyo fadhila ileile iliyomwokoa mtu aliyezama ilimficha mtu aliyeharibu mazalio. Hatuwezi kuisifu kwa upande mmoja tukajifanya hatuuoni wa pili.

Shauri la pili la Graham halikusikilizwa. Sangara alitiwa katika ziwa hili upande wa Uganda mwaka 1954, na wengine wakaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana sana; kisha katika miaka ya 1980 alijaa kila mahali. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, walitoweka kwa kiasi cha kutisha. Jina lenyewe lina habari: Wakenya walimwita mbuta, Waganda mputa, na sisi sangara, jina linalokumbusha sangala wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni jamaa yake. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, na samaki wa mwalo akapanda ndege kwenda Ulaya. Mwenye mtumbwi mmoja akawa tajiri wa mitumbwi kumi, na wavuvi wakawa vibarua wake. Wizi wa nyavu na wa injini, ambao desturi ya zamani ingeuona kama uchawi, ukawa habari ya kawaida. Sababu si ngumu kuitambua: bima ya ujima hufanya kazi kati ya watu watakaoonana tena kesho. Kibarua aliyekuja kwa msimu mmoja kutoka mbali, anayemvulia mtu asiyemjua, hana kesho ya pamoja na wenziwe wa mwalo.

Jambo lililotokea mwaka 1999 lafaa kuangaliwa kwa makini, maana ndilo lililoonyesha njia. Baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa sumu. Mwaka huo, Umoja wa Ulaya ulikataza samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu hiyo. Viwanda vilisimama, na bei ikaanguka katika mialo yote, kwa wenye hatia na wasio na hatia. Methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote, ambayo tulizoea kuifundisha shuleni kwa mfano tu, ikawa hesabu ya fedha. Katika miaka iliyofuata uvuvi wa sumu ulipungua sana. Naona sababu yake ni hii: kwa mara ya kwanza, uovu uliotendwa kwa samaki ulimwumiza mvuvi mwenziwe siku ileile, na kwa hiyo desturi ya zamani iliweza kuutambua. Aliyeficha mtia sumu hakuwa tena akimlinda jirani. Alikuwa akimnyang'anya jirani.

Katika miaka hiyohiyo serikali ilianza kuunda vikundi vya ulinzi shirikishi vya wavuvi katika mialo, ambavyo watu huvitaja kwa herufi tatu, BMU. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zilivipa vikundi hivyo mahali pake. Juu yao kuna Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, lililotokana na mkataba uliotiwa saini Kisumu mwaka 1994, ambalo kwa njia yake nchi tatu zilikubaliana, pamoja na mengine, kwamba sangara asiyefika sentimita 50 asivuliwe. Maana ya vikundi hivi ni kwamba wavuvi wenyewe wapime nyavu, waandike mavuno, na wamkanye mwenzao kabla ofisa hajafika. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1905, mvuvi wa ziwa alipewa nafasi ambayo mvuvi wa trauti alikuwa nayo tangu mwanzo: kuwa miongoni mwa wenye kuitunza sheria, si mwenye kuikimbia tu.

Hata hivyo nafasi hiyo ilikuwa nyembamba. Vikundi vilipewa kazi ya kukamata bila kuwa na petroli ya doria wala posho. Mjumbe wa kikundi alimshitaki mtu ambaye kesho yake ndiye angemwokoa majini. Na pale serikali ilipoona mambo yanakawia, ilirudia njia ya zamani. Mwaka 2018 operesheni kubwa ilipita mialoni. Nyavu zilizokatazwa zilirundikwa na kuchomwa moto, na faini nzito zikatozwa. Wapo waliosema ziwa lilipumua, na wapo waliosema waliofilisika ni wadogo. Huenda wote walisema kweli. Lakini moto hauwezi kuwako mwaloni kila asubuhi, na jicho la wavu hupimwa kila asubuhi.

Sasa narudi kwenye maneno. Katika Kiswahili cha serikali, mwenye kutumia zana zilizokatazwa huitwa mvuvi haramu. Neno haramu ni zito. Limetoka katika dini, nalo huweka tendo karibu na dhambi. Lakini sikiliza mazungumzo ya mwaloni wenyewe. Mtu aliyeinua wavu wa mwenzake usiku huitwa mwizi, kwa sauti kubwa, na watu hutoka nje kumtazama. Mtu aliyevuta kokoro katika mazalio husemwa kwamba anatafuta riziki. Wa kwanza amechukua samaki wa jirani mmoja. Wa pili amechukua samaki wa mialo yote wa miaka ijayo. Lugha yetu ina jina kali kwa mdogo katika wezi hawa wawili, na udhuru kwa mkubwa.

Sidhani kwamba jambo hili latokana na ujinga. Mwizi wa wavu ana mtu mbele yake anayelia, na mwizi wa vifaranga hana. Mtoto atakayekosa sato mwaka ujao hajui bado amekosa nini. Desturi ya mwalo ni hodari mno katika kumtambua aliyedhulumiwa akiwa ana uso na jina. Kazi iliyobaki, kwa maoni yangu, ni kuipanua desturi hiyo, wala si kuipiga vita. Mzee ambaye jana alimkemea kijana kwa kupitisha wavu juu ya wavu wa mwenzake ndiye anayefaa kumkemea kwa jicho dogo, na kwa neno lilelile. Haitatosha serikali kuandika haramu katika vitabu vyake. Siku ambayo mtu wa Mwigobero atamwita mwenye kokoro mwizi bila kusukumwa na ofisa, ndipo jicho la wavu litakapopata walinzi wasiohitaji petroli.

Nasi tunaoshughulika na lugha tuna sehemu yetu. Majina ya zana, ya samaki, ya pepo za ziwa na ya adabu za mitumbwini yanabadilika upesi, na mengine yanakwenda na samaki wake: kijana wa leo aweza kulisikia jina la ningu asijue ni samaki wa namna gani. Kamusi zetu zimejaa maneno ya mvuvi wa Pwani, ambaye alitangulia kuandikwa. Mvuvi wa ziwa angali akingoja. Yafaa maneno yake yakusanywe mwaloni penyewe, hasa katika zile siku za mbalamwezi ambapo dagaa hawavuliwi na wazee wameketi na nyavu mapajani. Atakayefanya kazi hiyo asiandike majina ya vitu tu. Aandike pia ni tendo gani huitwa wizi, na ni lipi huitwa riziki.